Pipa la Hemraj

Nilidhani ni ugomvi.
Jogoo wa Ovid huruka ua kila alfajiri,
na kuku wangu shingotupu alipoamka na madoa upangani
nikasema: haya, kapigwa.
Nikamtukana jogoo. Nikamtukana na mwenyewe,
juu ya ua wa mabati, mbele ya wateja wake wa mkate.

Siku ya nne madoa yakawa malengelenge.
Ya saba yakawa vigaga, vyeusi, vikavu,
mfano wa pilipili manga iliyogandishwa kwa gundi.
Donda la ugomvi halizai.
Hili lilizaa: likashuka ndevuni, likapanda kope,
likahamia kwa tetea mweupe na mwenzake.
Huku kwetu Corentyne hata vijiji vinaitwa kwa nambari;
nami nikaanza kuhesabu. Watatu. Watano. Saba.

Yonette wa ofisi ya mifugo alikuja kwa baiskeli,
buti zina tope la mashamba ya mpunga.
Alimbana tetea kwapani kama mtu aliyebeba gazeti,
akampanua mdomo kwa kidole gumba.
"Natafuta utando wa manjano.
Ukiuona kooni, hiyo ndiyo mbaya, huziba pumzi.
Huyu hana. Hii ni ndui, ile kavu, ya ngozi."

Ndui. Nilimkumbuka bibi yangu na mashimo ya mashavu yake.
"Si ile ya watu," akasema kabla sijauliza.

Nilikuwa na pesa ya pensheni, nimeikunja kiganjani.
Nikataka dawa.
"Dawa ya kuiua haipo, Drupatie. Kuna kazi."

Basi kazi.
Maji ya chumvi, vuguvugu, na pamba,
jicho lililogandana nikalilowesha asubuhi na jioni
mpaka likakubali kuniona.
Iodini juu ya kigaga, na mkono usibandue:
kigaga kilichoanguka hukaa na ugonjwa miezi
kikimngoja kuku mwingine apite.
Wali wa majimaji. Boga lililopondwa,
nikawalisha kwa kidole, mmoja mmoja,
kwani kuku aliyezibwa macho hangoji ndui imuue;
hufa njaa amesimama mbele ya chakula.

Wazima wakachanjwa,
sindano ya meno mawili, uma wa mwanasesere,
ikapenya ngozi nyembamba ya bawa.
Wiki moja baadaye nikafunua mabawa kutafuta kivimbe.
Sikuwahi kufurahia uvimbe maishani.

Lakini siku ile ile ya kwanza, akifunga mkoba,
Yonette aliuliza: "Na mbu wanatoka wapi?"

Ovid, aliyekuwa akichungulia uani, akaangalia pembeni.
Alijua. Mimi pia nilijua.

Pipa. Hemraj alilitega chini ya mfereji wa paa
mvua yake ya mwisho, kisha akalazwa, kisha basi.
Miaka mitatu sikulimwaga.
Mvua ziliingia, jua likanywa, mvua zikaingia tena,
nami nikijidanganya kwamba chini kabisa
yamebaki maji aliyoyateka yeye.
Nikainama. Viluwiluwi walijikunja humo kwa maelfu,
alama za mkato za barua isiyofika mwisho.

Tuliliinamisha watu wawili, mimi na Ovid.
Lilitoa mlio kama mtu anayekohoa usingizini.
Maji yakashika mtaro, yakaenda langoni,
na bahari yetu ya rangi ya chai ikayapokea bila kuuliza ni ya nani.

Wiki ya nne vigaga vilidondoka. Nilivifagia, nikavichoma.
Mmoja nilimzika. Shingotupu ana kovu jichoni
na hunitazama kwa upande, kama karani wa benki.

Sikumwomba Ovid radhi kwa mdomo.
Nilitaka kumpelekea mayai, lakini kuku auguaye hatagi,
kwa hiyo nilisubiri.
Leo yamepatikana manne.
Jogoo wake ameshatua upande wangu.
Nimempisha.